Kengele Huzimwa Kitandani

Wafiwa wenzetu, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, wauguzi mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka zamu, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, familia imemtuma mdogo wake marehemu, fundi umeme, mtu wa waya na bisibisi na wala si mtu wa maneno, awasomee maisha ya dada yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kabla hajafika mbali anawaomba radhi, kwa sababu marehemu mwenyewe alisomewa haya akiwa hai, akayasahihisha kitandani, akasema yana sukari nyingi mno na yeye sukari amekatazwa, ipunguzwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa fundi bomba na mama aliyekuwa mshonaji, na wanaokumbuka wanasema alilia kwa sauti iliyowatoa majirani nje, kisha akanyamaza, akaanza kusikiliza, jambo ambalo hakuliacha tena. Mama yetu alipoumwa mgongo mwaka 1963 alilala kitandani muda mrefu, akawa na kikombe cha bati na kijiko cha kukigongea anapotaka kugeuzwa au kupewa maji, na sisi watoto, kikombe kikilia, tulikuwa tunategeana, huyu anamtazama yule na yule anamtazama huyu, na kabla hatujamaliza kutazamana dada yetu alikuwa ameshafika. Mama akawa anasema mtoto huyu masikio yake yako miguuni, na nyumbani tukamwita Masikio mpaka alipopata jina jingine, ambalo tutalifikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi Novemba 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974, ambako hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na jambo moja tu lililobaki midomoni mwa walimu wake ni kwamba kengele ya mapumziko ikigongwa alisimama, hata kama mwalimu alikuwa katikati ya sentensi, akaadhibiwa kwa hilo mara nyingi kuliko kwa kosa lolote jingine, akawa anafagia uwanja huku akiwaambia wenzake kwamba kengele imegongwa ili mtu ainuke, sasa yeye kosa lake nini.

Januari 1975 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 30 Juni 1978, na hapo ndipo alipopata lile neno alilotembea nalo maisha yake yote, kutoka kwa mkufunzi wao, mama mmoja mnene, mkali kama pilipili, aliyekuwa akiwazungusha wodini akiwaonyesha kengele za wagonjwa. Enzi hizo kila kitanda kilikuwa na kitufe chake, mgonjwa akikibonyeza kengele inalia kule kwenye meza ya wauguzi, na inaendelea kulia, haizimiki mezani hata ukiipiga ngumi, kwa sababu swichi ya kuizima ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa, kwa hiyo ukitaka kelele ziishe ilikulazimu unyanyuke, utembee, ufike, umwone mtu usoni. Mkufunzi yule alikuwa akisema, kengele huzimwa kitandani, wanangu, na mkisahau yote niliyowafundisha lishikeni hilo, na dada yetu, ambaye alisahau siku za kuzaliwa za wadogo zake wote, hilo hakulisahau.

Tarehe 1 Agosti 1978 aliajiriwa katika hospitali ya mji, wodi ya upasuaji, ghorofa ya pili, ile yenye kuta za kijani hadi usawa wa mabega na madirisha yanayotazama kwenye kamba za kuanikia mashuka, na pale alifanya kazi karibu miaka ishirini na minane, akatoka na miguu iliyovimba na viatu ambavyo visigino vyake vililika upande mmoja tu, upande wa kulia, kwa sababu vitanda vingi vilikuwa kulia.

Mume wake, ambaye amekaa hapa mbele, alikuwa dereva wa lori la mizigo, akaletwa wodini Februari 1981 na mguu uliovunjika, na wauguzi waliofanya kazi siku hizo wanakumbuka kwamba hakuwahi kutokea mgonjwa msumbufu kama yule, kwani kengele yake haikupumzika, mara mto umeteleza, mara dirisha linapiga kelele, mara anauliza saa ngapi na saa ameivaa mkononi. Wauguzi wengine walichoka wakataka ahamishiwe wodi nyingine, lakini dada yetu alikwenda kila mara, akaizima, akamwuliza, haya, nini tena, hadi siku moja yule dereva, kijasho kikimtoka, akakiri kwamba hana shida yoyote, alitaka tu kuona kama atakuja. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na tangu hapo shemeji yetu amekuwa akitamba kwamba wenzake walioa kwa barua na wajumbe, yeye alioa kwa kidole gumba.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1983, ambaye leo ni mwalimu, na mvulana aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 1990, ambaye baiskeli yake itatajwa hapa mbele, na anaombwa asikasirike, maana hata leo mambo ya baiskeli ile hayajamtoka rohoni.

Mwaka 1999 hospitali ilikabidhiwa kwa kampuni iendeshe, na hatutaki kusema uongo mbele ya jeneza, mambo mengi yalipendeza, kuta zilipakwa rangi ya maziwa, yakaja makochi, yakaja maua ya plastiki yasiyohitaji maji, na wauguzi wakaambiwa kwamba kuanzia sasa mgonjwa haitwi mgonjwa, anaitwa mteja. Meneja aliyeletwa, kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza, alisema kengele zile zilikuwa kero kwa wateja na kwa wageni, akaleta taa ndogo ya rangi ya machungwa ambayo ingewaka mezani bila sauti mteja akibonyeza, na ambayo ingejizima yenyewe baada ya muda mfupi ili isiharibike.

Tatizo lilikuwa kanuni, kwa sababu kanuni ya afya ya nchi nzima ilitamka wazi kwamba kila kitanda kiwe na kengele yenye sauti isiyozimika ila kitandani, na kampuni ile ilikuwa na hospitali nyingine nyingi, tena ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiuza zile taa. Basi mwaka 2003 wajumbe wa Kamati ya Viwango, wenye kuitunga kanuni hiyo, wakaalikwa kwenye semina, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakarudi na mikoba na miavuli yenye nembo ya kampuni, na haukupita muda kanuni ikaongezewa maneno machache, kwamba kitanda kiwe na kengele au kifaa kingine kinachofaa. Chama cha wauguzi kilitakiwa kupinga, lakini chama nacho kilikuwa kimezawadiwa basi jipya lenye viti vya kulala, na mdomo uliojaa hausemi. Mafundi walikuja wakang'oa kengele zote kwa siku moja, na dada yetu alikuja nyumbani kwa mdogo wake jioni ile, akakaa bila kuvua viatu, akasema wodi imenyamaza kama nyumba iliyohamwa.

Sasa tunafika tarehe 17 Agosti 2005, na hapa mtatuvumilia, kwa sababu marehemu aliagiza sehemu hii isifupishwe. Palikuwa na mgonjwa, fundi seremala mstaafu, aliyepasuliwa tumbo siku mbili kabla na akawa anaendelea vizuri, mzee mcheshi, ambaye kila akipita mbele ya meza ya wauguzi aliitikisa kwa kiganja, akacheka, akasema mwanangu, meza hii inacheza ngoma gani, nikitoka hapa nitakutengenezea isiyocheza. Mchana ule dada yetu alimwekea kitufe mkononi, akamwambia, mzee wangu, ukinihitaji bonyeza hapa nitakuja, na mzee akakitazama kitufe, akabonyeza kujaribu, akauliza, mbona hailii. Akamwambia, inawaka taa kule mezani. Mzee akauliza, na usipoitazama je, na dada yetu akamwambia, nitaitazama.

Alasiri hiyo wakaja wakubwa wa kampuni kutoka makao makuu, na wauguzi wakaitwa chini wakapange mstari kwenye korido, wapigwe picha, hivyo wodi nzima ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo mmoja alikuwa chumba cha mwisho na mama aliyekuwa akivuja damu, amembana kwa mikono miwili, hawezi hata kujikuna. Kule mezani taa ya fundi seremala iliwaka, hakuna aliyekuwepo kuiona, ikajizima kama ilivyofundishwa. Yule mama alipona, yuko hai mpaka leo, na yumo humu ndani, kiti cha tatu karibu na mlango. Dada yetu alipomaliza naye alinawa, akapita kumsalimu mzee wake, akamkuta amekwisha kata roho, uso umegeukia mlangoni, na kidole gumba bado kimekibana kitufe, kimebana kiasi kwamba ilimlazimu kukibandua taratibu, huku akimwambia, basi mzee wangu, basi, nimekuja.

Ikaitwa kamati ya uchunguzi, akakaa mbele yao kwa sare yake, na meneja akasoma kwa sauti ileile ya kubembeleza kwamba mfumo hauna kumbukumbu yoyote ya wito, kwa hiyo mteja hakuomba msaada. Waliokuwepo wanasema dada yetu alisema, aliomba, nilimkuta bado anaomba. Hayo hayakuandikwa, wakaenda kunywa chai, na yeye akarudi wodini, akasimama kwenye ile meza, akaitikisa, ikacheza.

Baada ya hapo kampuni ilimwona kuwa ni mtu wa kuzungumza naye vizuri, ikamwita, ikampa cheo, Mkuu wa Furaha ya Wateja, na ofisi yenye zulia, na hili lilileta moshi hata nyumbani, kwa sababu shemeji, ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kuchoka na lori, alimwambia, mke wangu, mwenye nguvu mpishe, chukua ofisi ukae chini nawe. Dada akamjibu kwamba kama yeye zamani angekaa chini, mume wake angekuwa bado anapiga kengele na mguu wake umevunjika, na wakanuniana, mmoja anakula jikoni mwingine sebuleni, hadi binti yao akawaambia kwamba wakiendelea hivyo yeye atahamia kwa mjomba.

Alichofanya badala ya kuchukua cheo ndicho kilichompa jina. Aliichukua baiskeli ya mwanawe, akaifungua kengele, ile ya chuma ya kusukuma kwa kidole gumba, akaenda nayo kazini, akaifunga kwenye chuma cha kitanda cha mgonjwa mahututi kuliko wote, na wiki ileile mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea, akatumwa kwa mafundi baiskeli wa mji mzima kukusanya kengele chakavu, akazifunga vitanda vyote kwa spana yake mwenyewe, akijifanya amekuja kutengeneza soketi. Mgonjwa akisukuma, kring kring, na mgonjwa hanyamazi mpaka aone mtu. Wageni wa kampuni walipokuja tena walidhani kuna mashindano ya baiskeli ghorofa ya pili, na meneja, kwa mara ya kwanza tangu aletwe, alipandisha sauti, akaamuru zitolewe, dada akasema atakayezitoa na awatazame wagonjwa usoni akiwa anazitoa, akatafutwa mtu wa kufanya hivyo akakosekana, hata wafagiaji walikataa. Tarehe 2 Machi 2006 aliachishwa kazi kwa kosa la kuingiza vifaa visivyoidhinishwa, akatoka getini na begi lake, na toka siku hiyo mji ukamwita Sista Kengele, wengine kwa kumcheka, wengi kwa kumheshimu, na yeye aliwaitikia wote.

Alipata kazi katika zahanati ya pembezoni mwa mji, yenye vitanda sita na bati lililokuwa likivuja, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 9 Juni 2016, na wanafunzi wa uuguzi waliopelekwa kwake kwa mafunzo walirudi vyuoni kila mmoja na kengele ya baiskeli mfukoni, wakatawanyika nazo nchi nzima. Kila mwaka, bila kukosa, alikwenda mbele ya Kamati ya Viwango kuomba maneno yale machache yatolewe kwenye kanuni, na safari ya kwanza kabisa shemeji, aliyekuwa bado amenuna, alimkuta akijiandaa kutoka, akachukua ufunguo wa lori, akampeleka, na hakumwacha kumpeleka tena. Walimpokea vizuri, hilo tuseme, walimpa kiti, walimpa maji, walimwambia suala lake linafanyiwa kazi, na mwenyekiti alimsindikiza mvuani kwa mwavuli wenye nembo, ambao dada yetu alikataa kuingia chini yake, akalowa, akarudi na mafua. Aliwaambia usipoziba ufa utajenga ukuta, aliwatajia watu waliokufa kimya katika hospitali nyingine, aliwaletea ndugu zao wakae nao uso kwa uso, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Tunalosema sasa halisemwi sana kwenye maziko, lakini aliagiza lisemwe. Tangu siku ya fundi seremala, dada yetu alikuwa akisikia kengele. Si kengele ya baiskeli, ni ile ya zamani, ya wodini, iliyong'olewa, naye hakuisikia kwa kuota, aliisikia macho makavu, mchana kweupe, akiwa anachambua mchele, akiwa katikati ya harusi na sahani mkononi, ghafla ananyanyuka, anasema nakuja, anafika mlangoni, anasimama, kisha anarudi kukaa na kuendelea na alichokuwa akifanya. Mwanzoni tulimtania, tukasema Masikio ameanza. Halafu akamwita mdogo wake, fundi umeme, akamwambia atafute kengele hiyo ndani ya nyumba, na fundi alipanda darini, akafuata kila waya, akafungua kila swichi, akakuta kiota cha panya na kijiko kilichopotea tangu binti yao akiwa mdogo, kengele hakuna, akashuka na vumbi kichwani, akamwambia dada, nyumba hii haina kengele. Dada akamtazama kwa huruma, akamwuliza, fundi gani wewe usiyesikia. Fundi aliwahi kumwuliza dada kama anaogopa, akasema haogopi, anaona aibu, kwa sababu mwenye kuita hajui kwamba anayeitwa anakwenda, anajua tu kwamba hafiki. Na fundi huyo aliposhuka darini siku ile hakumwambia mtu, lakini tangu hapo, kila akifunga soketi katika nyumba ngeni, husita kidogo kabla ya kuwasha umeme, akasikiliza.

Aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2011, na Januari 2022 figo zikaanza kushindwa, akahitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo, kwa jinsi dunia ilivyo na vichekesho vyake, ilikuwa katika hospitali moja tu mjini kwetu, ileile, ghorofa ya pili, hivyo alirudi kwa mlango aliotolewa, safari hii yeye ndiye mteja. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 19 Septemba 2024, wakampa kitanda, wakampa kitufe mkononi, akakitazama kitufe kile kwa muda mrefu, akakirudisha kwa muuguzi kama mtu anayerudisha chenji ya mtu mwingine. Mdogo wake alipoleta kengele ya baiskeli walinzi waliichukua getini, lakini muuguzi wa zamu, binti aliyepitia zahanati ile miaka ya nyuma, aliuliza kwa nini shangazi yake, ndivyo wanafunzi wale walivyomwita, ananyang'anywa mali yake, akaipandisha ghorofani ndani ya taulo, akaifunga kitandani kwa bendeji, chini ya shuka, mahali ambapo kidole kinafika.

Siku zile za mwisho alikuwa hasemi sana, ila alisumbuliwa na jambo moja, na kila aliyekaa naye alilijua, kwamba Kamati ya Viwango, baada ya miaka yote hiyo, ilikuwa imekubali kuipitia upya kanuni ile tarehe 24 Oktoba, na ikampangia nafasi ya kusema, na yeye alikuwa akipima nguvu zake na kalenda, akiona kabisa kwamba kalenda itamshinda, akawa anauliza, nani atakwenda, na sisi, mnajua watu wanavyosema mbele ya mgonjwa, tulikuwa tunamjibu utakwenda mwenyewe, utapona. Alikuwa akifumba macho tukisema hivyo. Hakuwa anataka kubembelezwa, alikuwa ameuliza swali.

Tarehe 3 Oktoba 2024, asubuhi, jua likiwa limeshaingia dirishani na mashuka yakianikwa kule nje, alisukuma kengele, kring, mara moja, na yule muuguzi aliacha alichokuwa akifanya, akaja mbio, akainama, akamwuliza, shangazi, nini, unaumwa wapi. Marehemu akamtazama usoni, akasema, hapana mwanangu, sina shida, nilitaka tu kuona kama mtakuja. Muuguzi akamwambia, nimekuja, shangazi, akamshika mkono, na mkononi mwake dada yetu akapumua mara chache, akaacha. Muuguzi alipotusimulia hayo pale koridoni hakujua anasema nini kwa nani, hakuelewa kwa nini shemeji yetu, mzee wa watu aliyekuwa amejikaza tangu alfajiri, alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kofia yake, akalia kama mtoto.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, na zaidi wauguzi wa ghorofa ya pili, wenye zamu na wasio na zamu, walioketi naye, inawashukuru majirani waliopika na kuchota maji na kulala kwenye mikeka pamoja nasi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zahanati, na mafundi baiskeli wa mji huu, ambao leo wamefunga vibanda vyao. Tunaishukuru pia kampuni kwa lile shada kubwa pale, lenye nembo inayong'aa, tumelipokea kwa sababu mgeni harudishwi mlangoni, ingawa kadi yake inasema kwamba daima walimsikiliza, na sisi kadi hiyo tumeigeuza upande wa pili ili marehemu asicheke.

Limebaki jambo moja, nalo, kama habari za kifo chake, halikuwa kwenye karatasi alizozisahihisha. Juzi mchana tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, wanafamilia na majirani, hakuna redio, hakuna simu, watu wanachambua mchele wa msibani, na sote kwa pamoja tuliinua vichwa. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Mikono ilisimama juu ya mchele, na kama wakati ule wa kikombe cha mama yetu tulibaki tunatazamana, huyu anamtegea yule, mpaka shemeji akashika fimbo yake, akanyanyuka, akasema nakuja, akatembea hadi mlangoni. Binti yake akamfuata, kisha mwanawe, kisha na mdogo wake marehemu, fundi asiyesikia, na tulipofika uani hapakuwa na mtu wala chochote, lori tu, limeegeshwa pale linapoegeshwa siku zote. Shemeji akalizunguka, akapiga tairi kwa fimbo, akasema lina nafasi ya watu wengi nyuma, na tarehe 24 litaondoka hapo asubuhi, na atakayetaka kwenda mbele ya Kamati aje na kengele yake.

Dada yetu, Masikio, Sista Kengele, uliuliza nani atakwenda, na hatukukujibu ukiwa hai, tunakujibu sasa mbele ya watu. Vua viatu vyako, unyooshe miguu hiyo, pumzika kwa amani, na usinyanyuke tena, ikilia tutainuka sisi.